Bustani Ndogo Ni Kingo Tupu

Chukua kipande cha nyasi chenye upana wa mita 4 na urefu wa mita 5, kile kinachobaki kati ya baraza na ukuta wa mbele baada ya gari kupata pa kuegeshwa na tangi la maji kupata pa kukaa. Eneo lake ni mita 20 za mraba, mzunguko wake mita 18. Kilinganishe na uwanja wa hoteli wenye mita 40 kwa 50. Eneo la hoteli ni kubwa mara mia, lakini mzunguko wake, mita 180, ni mkubwa mara kumi tu. Kwa hiyo kila mita ya mraba ya bustani ya nyumbani imebebeshwa sentimita 90 za ukingo, ilhali ya hoteli imebebeshwa sentimita 9. Ipime kwa njia nyingine: chora ukanda wa sentimita 30 kuzunguka nyasi zote, pale ambapo gurudumu hukwama na kiwiko hugonga ukuta. Kwa hoteli, ukanda huo ni chini ya asilimia 3 ya eneo. Kwa bustani ya nyumbani ni robo nzima, na hapo hatujahesabu shina la mwembe, bomba la maji wala njia ya vitofali inayokata katikati. Mnunuzi wa chombo cha kukatia nyasi za nyumbani, hata hivyo, akifika dukani huuliza swali la mwenye hoteli: mashine hii ina upana gani, ina nguvu kiasi gani? Swali linalomhusu ni moja: ikifika ukutani itafanya nini? Nikilifuata swali hilo mpaka mwisho wake, linanipeleka kwenye chombo kinachokata bila kuhitaji kasi, yaani mkasi wa bustani, na eneo likizidi mita 10 za mraba hivi, mkasi huo pamoja na mashine ya silinda ya kusukuma kwa mkono.

Sababu iko katika namna jani linavyokatika. Shika ukurasa wa gazeti kwa ncha ya juu, uuache uning'inie, kisha pitisha kisu polepole ubavuni mwake. Karatasi itajikunja na kukwepa. Pitisha kisu kwa ghafla na kwa nguvu, utaichana. Sasa chukua mkasi, ufumbe taratibu kadiri upendavyo, karatasi inakatika na mstari umenyooka. Jani la nyasi liko katika hali hiyohiyo, isipokuwa kwamba limeshikwa chini, kwenye ardhi, na ncha ya juu iko huru. Ili lisikwepe, ama litegemee uzito wake lenyewe, ambao ni mdogo mno, ama pawe na kitu cha pili kinacholikinga kwa nyuma. Fyekeo, panga, mashine ya kisu cha kuzunguka na ile ya uzi wa nailoni zote zinategemea uzito wa jani, ndiyo maana lazima ziende mbio: zinalifikia jani kabla halijawahi kuinama. Huo tuuite ukataji wa pigo. Mkasi na silinda hubana jani kati ya makali mawili. Huo ni ukataji wa mbano, na haujali mwendo. Mundu uko katikati, na hekima yake ni ya kale: mvunaji wa mpunga hukamata konzi ya mabua kwa mkono mmoja, na mkono huo ndio unaokuwa upande wa pili wa mkasi, hivyo kisu kinavutwa polepole na bua linakatika bila punje kupukutika.

Kasi inataka nafasi. Litazame fyekeo kwa karibu: bapa la chuma lililopindwa mwishoni, limepigwa tupa pande zote mbili ili likate likienda na likirudi. Mkono ulionyooka pamoja na urefu wa bapa huchora tao linalozidi mita moja kutoka begani. Kwenye uwanja wa shule au kando ya barabara, tao hilo ndilo utajiri wa fyekeo. Mtu mmoja aliyelizoea husafisha eneo ambalo mashine nyingi zingekwama kwa visiki na mawe. Kati ya ukuta na tangi la maji, tao linakatizwa kabla mwendo haujakomaa. Mfyekaji anafupisha mkono, ncha inapoa, nyasi zinalala badala ya kukatika. Anarudia mahali palepale mara ya pili, na mara ya tatu ncha inachota udongo. Vile vipara vya mviringo vinavyoonekana kwenye bustani ndogo siku mbili baada ya kufyekwa husemwa kuwa ni uzembe wa kibarua. Mara nyingi ni chombo kilichonyimwa nafasi yake.

Mashine yenye injini imetatua tatizo hilo kwa kuzungusha kisu mahali pamoja, lakini kasi yenyewe haikuondoka. Kisu chenye urefu wa sentimita 46 kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda mita 72 kwa sekunde, sawa na kilomita 260 kwa saa. Kokoto yenye ukubwa wa punje ya hindi ikiponyoka chini ya mashine kwa mwendo unaokaribia huo, kwenye uwanja mpana huishia nyasini, mbali na watu. Kwenye mita 4 kwa 5, kitu chochote kilichoko karibu ni kioo cha dirisha, mlango wa gari au mguu wa mtu. Na karibu kila bustani ndogo imepakana na kokoto, kwa sababu njia, mifereji na msingi wa nyumba ndivyo vinavyoizunguka.

Historia ya mashine hizi inaonyesha vizuri jinsi tulivyofikia kuuliza swali lisilo letu. Kabla ya mwaka 1830, nyasi za majumba makubwa ya Uingereza zilikatwa kwa fyekeo refu la mikono miwili, na kazi ilifanywa alfajiri umande ukiwa haujakauka, maana jani lenye umande ni zito na halikwepi kisu upesi. Mwaka huo, Edwin Budding, mtu wa Stroud katika jimbo la Gloucestershire, alipata hataza ya mashine ya kwanza ya kukatia nyasi. Eneo lile lilikuwa la viwanda vya nguo za sufu, na humo mlikuwa na mashine yenye visu vilivyosokotwa kuzunguka silinda, iliyopitishwa juu ya kitambaa ili kupunguza manyoya yake yawe sawa. Budding aliichukua kanuni hiyo, akaipa magurudumu, akaiteremsha ardhini. Alichokiondoa kilikuwa haja ya kasi, na ya umande pia: nyasi sasa zingeweza kukatwa mchana, zikiwa kavu. Yaliyofuata yalihusu ukubwa wa eneo. Farasi walifungwa kuvuta mashine pana zaidi, wakivishwa viatu vya ngozi ili kwato zisitoboe nyasi. Mwishoni mwa karne ukaja mvuke, na mwaka 1902 kampuni ya Ransomes ikaanza kuuza mashine ya petroli. Kila hatua ilikuwa na maana kwa mwenye ekari. Mwenye mita 20 alihitaji lile wazo la kwanza tu, na bado linauzwa, limepunguzwa uzito likawa chombo ambacho mtu mmoja hukiinua kwa mkono.

Geuza mashine hiyo juu chini uone inavyofanya kazi. Magurudumu mawili yameunganishwa kwa meno na silinda yenye visu vitano hivi, vimejipinda kama kamba iliyosokotwa. Chini yake umefungwa kwa skrubu ubapa wa chuma usiotembea, hiki ni kisu cha chini. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 25 likienda mita moja huzunguka mara moja na robo. Kama meno yanaizidishia silinda mara tano na nusu, silinda inazunguka mara saba, na visu vitano vinapita mara 35. Kwa hiyo kila sentimita 3 za mwendo kuna mkato mmoja, iwe unatembea haraka au unajikokota. Makali hayo yanakwenda mita 3 tu kwa sekunde, na kokoto ikiingia inakwama au inatoa pengo kwenye kisu, hairuki kuvunja kioo. Kilema chake kiko pembeni: magurudumu yamekaa nje ya silinda, hivyo kando ya ukuta hubaki mstari usiokatwa wa sentimita 5 hadi 8. Hapo mkasi ni wa lazima, na yeyote anayeuza mashine ya silinda bila kusema hivyo amemnyima mteja nusu ya habari.

Tuhesabu muda, kwa kuwa pingamizi la kwanza huja hapo. Mashine ya silinda ya sentimita 30, ukiacha sentimita 5 za kupandana ili pasibaki mistari, inasafisha sentimita 25 kila safari. Upana wa mita 4 unataka safari 16 za mita 5, jumla mita 80. Mashine ya petroli ya sentimita 46, nayo ikipandana kidogo, inataka safari 10, jumla mita 50. Tofauti ni mita 30 za kutembea, haifiki dakika moja. Dakika hiyo hurudishwa kwa kuitoa mashine stoo, kutazama oili, kuvuta kamba ya kuwashia, na kuigeuza mara kumi kwenye kona ambazo upana wake ndio unaozifanya ziwe ngumu. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawaligusi: injini inayofanya kazi dakika chache kwa wiki haipati joto la kutosha, na petroli inayolala ndani yake kwa miezi huacha gundi kwenye kabureta. Mwenye eneo kubwa huimaliza petroli kabla haijaharibika. Mwenye eneo dogo ndiye anayeishia kwa fundi, si kwa sababu amekata sana, ni kwa sababu hakukata vya kutosha.

Mkasi nao una hesabu yake. Wenye makali ya sentimita 20, kila mfumbo ukisafisha kina cha sentimita 5, unahitaji mifumbo 100 kwa mita moja ya mraba, karibu dakika mbili ukifumba mara moja kwa sekunde. Bustani ya mita 6 za mraba ni dakika kumi au kumi na mbili. Hapo sioni haja ya mashine yoyote. Mita 20 ni mifumbo 2,000, zaidi ya nusu saa, na kabla ya mwisho mkono unatetemeka na mikato inaanza kupanda na kushuka. Mashine ya silinda ikichukua sehemu ya katikati, kinachobakia mkasi ni ule ukanda wa sentimita 8 kwenye mita 18 za mzunguko, chini ya mita moja na nusu ya mraba, mifumbo 150. Ndiyo maana mpaka nimeuweka kwenye mita 10 hivi: chini yake mashine ya silinda inatumia muda mwingi kugeuka kuliko kukata, juu yake mkono unachoka kabla ya kazi.

Pingamizi zito zaidi ni la masika. Nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na sasa zimesambaa mpaka Australia, hunenepa haraka mvua ikinyesha, na zile za Pemba zinazopendwa pwani zina majani mapana na mashina yanayotambaa kwa nguvu. Mashine ya silinda ikikutana na nyasi ndefu kuliko nusu ya kimo cha silinda yake, inazilaza mbele na kupita juu yake. Hilo ni kweli, na hakuna marekebisho yatakayoliondoa. Lakini lisomwe pamoja na kanuni ya watunza nyasi, kwamba usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja: ukitaka zibaki sentimita 4, kata zinapofika 6. Jani la nyasi hukua kutokea chini, karibu na udongo, ndiyo maana kukatwa ncha hakuliui. Ila majani ya kijani ndiyo jiko la mmea, na ukiliondoa karibu lote kwa siku moja mizizi hulipa. Anayeita kibarua mwenye mashine mara moja kwa mwezi wakati wa masika anakata sentimita 15 kurudi 4. Kinachobaki ni mashina ya manjano, na magugu hupata mwanga yaliyounyimwa. Kukata kila wiki kwa mkono ni mzigo usiobebeka kwa mwenye mita 2,000. Kwa mwenye mita 20 ni dakika kumi, kwa hiyo udogo unaoifanya mashine kubwa isifae ndio unaoiwezesha ile ndogo. Na kama mwenye nyumba alisafiri na nyasi zimefika gotini, mundu ushushe kimo kwanza, kidogokidogo kwa wiki mbili au tatu, kisha silinda irudi kazini. Kununua chombo cha mwaka mzima kwa ajili ya siku mbili za dharura hakuna mantiki.

Litaulizwa pia: kama tatizo ni kingo, mbona usichague mashine ya uzi wa nailoni, iliyobuniwa kwa ajili ya kingo? Swali ni la haki, na historia yake inalitia nguvu. Mwaka 1971 George Ballas wa Houston, Texas, alitazama brashi za kuoshea magari zinavyozunguka na kusugua kila pembe bila kuumiza rangi, akachukua kopo tupu, akalitoboa, akapitisha nyuzi za kuvulia samaki, akalifunga kwenye mashine inayozunguka. Alitaka kusafisha nyasi kuzunguka mizizi ya miti yake. Alifanikiwa, na kwa mteremko wa mfereji au nyasi zilizochipua kati ya mawe sijui chombo kinachoishinda. Tatizo ni kwamba bado ni ukataji wa pigo, na uzi hauna makali, hivyo unalipa upungufu huo kwa kasi ya ncha inayozidi mita 100 kwa sekunde. Chuma jani lililokatwa na uzi, kesho yake liinue kwenye mwanga: ncha imechanika nyuzinyuzi, imeanza kuwa nyeupe, na baada ya siku mbili ni kahawia. Lile la mkasi lina mstari mmoja mwembamba, kijani mpaka mwisho. Kwenye uwanja unaotazamwa kutoka barabarani tofauti hiyo haionekani. Bustani ndogo hutazamwa kutoka kitini barazani, hatua tatu tu. Tena kimo kinashikwa na mkono wa mbebaji peke yake, hakuna gurudumu wala roli, na gome la mche mchanga likipigwa na uzi mara kadhaa kuzunguka shina, mche hukauka. Uzi ukikatika, vipande vyake vya nailoni hubaki udongoni.

Mshindani ninayemheshimu kuliko wote ni mashine ndogo ya umeme. Kwa eneo dogo, waya mrefu si kero kubwa, hakuna petroli ya kuoza, na mtu mwenye mabega mabovu au mzee asiyeweza kusukuma silinda kwenye nyasi nene za Pemba atakuwa amechagua vizuri. Masharti yake ni mawili: nyasi ziwe kavu, na soketi iwe na kikata-umeme kinachojizima umeme ukivuja, kwa sababu kisu kikipita juu ya waya, mshikaji amesimama juu ya ardhi yenye unyevu. Ya betri inaondoa hofu ya waya, lakini betri huzeeka hata ikikaa kabatini, na kwa kazi ya dakika chache kwa wiki mnunuzi hulipia nguvu nyingi ambazo zitakufa bila kutumika. Kwa anayeumwa magoti au mgongo, kuna mikasi yenye mipini mirefu inayotumika mtu akiwa amesimama wima; makali yamelazwa sambamba na ardhi na mikono iko kiunoni. Hiyo inajibu pingamizi la kupiga magoti bila kuleta injini.

Kingo zenyewe zinahitaji kitu kimoja zaidi. Nyasi zinazotambaa hazikomi kwenye mstari. Zinarusha mashina yake juu ya vitofali, na mkasi ukikata majani tu, shina linaendelea na safari. Beleshi lenye mdomo ulionyooka, likinolewa kwa tupa na kukandamizwa kwa mguu wima kwenye mpaka, linakata shina na mzizi wake kwa pamoja. Mara moja kila wiki tano au sita inatosha, na ukingo uliokatwa hivyo huufanya mkasi umalize kazi kwa nusu ya mifumbo.

Kunoa ndiko kunakowatisha wengi, na hapa silinda inasamehe kuliko inavyodhaniwa. Paka makali ile pasti ya kusagia valvu wanayoitumia mafundi wa injini, zungusha silinda kinyumenyume kwa mkono, visu vya juu na cha chini vitanoana vyenyewe. Pasti ioshwe yote, kisha skrubu za kisu cha chini zikazwe upande mmoja baada ya mwingine mpaka makali yaguse kwa shida. Kipimo ni kipande cha gazeti, na inafaa kukibeba mfukoni siku ya kwenda dukani. Kiingize kati ya silinda na kisu cha chini, zungusha polepole kwa kidole kilichokaa mbali na makali, kwanza upande wa kushoto, halafu katikati, halafu kulia. Kikikatika pande mbili na kujikunja upande wa tatu, uliza kama skrubu za upande huo zinakubali kugeuka. Zikiwa zimechomelewa au ni za plastiki, irudishe rafuni. Mkasi upime vivyo hivyo, ukianzia kwenye ncha, kwa sababu ni ncha itakayoingia nyuma ya bomba la maji.